Pedali Nzito ya Mzee Sylvère

Mimi sina subira na watu waongo, na katika biashara ya vipuri unakutana nao tangu unafungua mlango mpaka unaufunga. Huyu anakuletea alternata iliyopakwa rangi anakuapia ni mpya, yule anadai ulimuuzia kitu ambacho hata hujawahi kuwa nacho. Nimeuza vipuri hapa Bwiza, Bujumbura, miaka ishirini na sita. Duka langu na garaji ya fundi Tajudini vinatumia ukuta mmoja, na miaka yote hiyo tumegombana karibu kila wiki. Tumegombania maji, tumegombania mahali pa kuegesha, tumegombania paka aliyezalia kwenye matairi yangu. Lakini uongo? Huo sijawahi kumkuta nao. Kwa hiyo leo namsema, na namsema kwa mazuri, kabla hajaniudhi tena.

Tajudini ana miaka sitini na minne. Mrefu, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani na koti la buluu ambalo mifuko yake imechanika kwa uzito wa spana. Kazaliwa Buyenzi, baba yake akitengeneza baiskeli. Alipokuwa kijana akaingia garaji ya Mgiriki mmoja kule chini karibu na bandari, akakaa miaka tisa, mpaka Mgiriki akafunga akarudi kwao. Mkewe alifariki binti zao watatu wakiwa bado wadogo. Wote aliwalea yeye, akiwasuka nywele asubuhi kwa vidole ambavyo grisi haikutoka hata kwa sabuni ya nguo, na wote wamesoma. Yeye hayasemi haya. Ukimsifia anakuuliza kama umekuja kununua au kuzungumza.

Ana tabia mbili ambazo mafundi wengine wanamcheka. Ya kwanza, hataki mteja amwambie gari inaumwa nini. "We nyamaza kwanza, wacha muguu iseme," ndivyo anavyowajibu, hata wakubwa. Anavua viatu, anaingia peku, anaizungusha gari mpaka Nyakabiga na kurudi, halafu ndiyo unaruhusiwa kufungua mdomo. Ya pili, kila kipande anachokitoa kwenye gari yako anakifunga kwenye gazeti, anaandika tarehe juu yake, anakupa uende nacho kwako. Anasema kipande ni chako, na macho yako yaone kilivyoharibika. Wengi wakifika tu kona wanakitupa mtaroni. Wachache wanaona haya kukitupa.

Sasa, Mzee Sylvère. Huyu alifundisha jiografia shule za sekondari mpaka pensheni, anakaa Gihosha na mkewe Christa, na ana miaka sabini na moja. Gari yake Bwiza nzima tunaijua: nyekundu, ya Kitaliano, ya mwaka sabini na nne, viti viwili tu na paa la turubai unalolikunja nyuma. Aliinunua kwa injinia mmoja Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo wametembea pamoja, yeye na hiyo gari, misa na harusi na misiba. Akipita hapa na paa limekunjwa, Christa kafunga kitambaa kichwani, hata mimi mwenye hasira zangu nilikuwa nasimama mlangoni niwapungie mkono.

Halafu miaka miwili tukaacha kuwaona. Yeye kwa miguu, mkewe kwa teksi.

Jumatano moja mwaka huu gari ikaingia garajini, lakini aliyekuwa kwenye usukani ni Fabrice, mtoto wao wa mwisho, kijana wa benki. Jasho linamtoka. Mzee kakaa upande wa abiria, mkongojo katikati ya magoti.

"Fundi, bonjour," Fabrice akasema. "Kuna mutu atakuja kununua hii gari samdi, saa ine ya asubuhi. Tuangalizie mataa, uioshe ndani, basi. Hakuna ingine."

Samdi ndiyo Jumamosi, siku tatu tu. Tajudini hakumwangalia. Alimwangalia baba. "Muzee, ni kweli unauzisha?"

"Muguu, fundi," Sylvère akasema. "Huu wa kushoto umekufa."

Akamweleza. Alianguka bafuni miaka miwili iliyopita, goti likavimba, likapona. Lakini tangu siku hiyo, kila akikanyaga ambreyaji, ile pedali ya klachi, mguu unamtetemeka wote. Mara ya mwisho alikuwa anapanda kwenda kwake Gihosha. Foleni ikamsimamisha katikati ya mlima, gari ikamzimikia mara tatu, mabasi yanampigia honi nyuma, na dereva mmoja akatoa kichwa nje akamwambia apeleke huo mguu kitandani ukalale. Akafika nyumbani akampa Christa ufunguo, akamwambia auweke mahali asipouona. Tangu hapo anautia mguu kitambaa cha moto kila jioni, na mama mmoja wa Ngagara anakuja kumkanda kila wiki. Kwaya ameacha. Kadi na wenzake ameacha. Mtu ambaye mguu umekufa, alisema, anaanza kujiandaa taratibu.

Na mimi, mdomo wangu huu, kutoka mlangoni pangu nikatia neno: "Muzee, ni miaka tu hiyo! Hata mi magoti zinalia usiku."

Alinitazama akatabasamu kidogo. Natamani lile neno ningelimeza.

Tajudini alikuwa ameshavua viatu. Aliondoka na gari, na safari hii alichelewa kurudi. Aliposhuka alisimama anachezesha vidole vya mguu wa kushoto juu ya saruji.

"Hii pedali iko zito," akasema.

"Gari ya zamani," Fabrice akajibu. "Zote ziko vile. Hata mi muguu inaniuma, lakini mi nimezoea otomatike."

"Mi nimeendesha za zamani kabla we hujazaliwa. Haziko vile."

Akanituma kwa Houda. Houda ni yule dada anayekaa kwenye kona na mizani ya bafuni, wapita njia wanapanda wanajipima uzito. Mimi kutumwa sipendi, nikaenda hivyo hivyo kwa udadisi. Tajudini akaisimamisha mizani kati ya mguu wake na pedali, akasukuma mpaka chini, Houda akachungulia dirishani asome. Kilo ishirini na sita.

"Yoo!" Houda akasema. "Hiyo ni mutoto wa darasa la tatu!"

"Na mwalimu wa jiografia anamukanyaga kila feu rouge, kila taa nyekundu," Tajudini akasema. "Nipe mpaka samdi asubuhi."

Fabrice akaguna. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya bure, gari inaondoka. Lakini mzee aliinua mkono, na kijana akanyamaza.

Alhamisi Tajudini akaitoa kebo, ule waya unaotoka kwenye pedali mpaka kwenye gia. Alipoikata ala yake ikatoka ute mweusi unaonata, na harufu ambayo kila mpishi wa Bujumbura anaijua.

"Muzee," akauliza polepole, "hapa ndani kuna mawese?"

Sylvère akakohoa. Kumbe miaka ya nyuma, kabla hajaanguka, alipoona pedali inalia na vipuri havipatikani mjini, aliingia jikoni kwa Christa akachukua kijiko cha mawese akamimina. Tulicheka! Tulicheka mpaka mafundi wa upande wa pili wa barabara wakaja kuuliza. Sylvère mwenyewe alicheka akashika tumbo, na nikawaza, sijasikia kicheko hicho tangu lini. Tajudini akaweka kebo mpya, mizani ikaletwa tena, na sote tukasubiri tupige makofi.

Kilo ishirini na nne.

Watu wakatawanyika. Sylvère akapigapiga paja lake akasema si kitu, fundi, umejaribu. Hapo ndipo ningemsihi mtu yeyote amwangalie Tajudini akifanya kazi, kwa sababu hakukubali wala hakubisha. Alikaa tena kwenye kiti peku, akawa anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia, amefumba macho. Robo saa hivi. Nilimwuliza kama analala.

"Iko zito, na iko fupi," akasema. "Nakanyaga kidogo tu, gari inajiachia. Zito sawa. Lakini fupi, kwa nini?"

Akalala chali juu ya karatoni, akaingia chini ya gari na taa. Kwanza nilisikia spana. Halafu taa ikasogea nyuma, ikakaa mahali pamoja. Alipotoka uso wake ulikuwa mwingine, na nikadhani amejikata. Akakaa chini pale pale. Akauliza bila kumtazama mtu:

"Muzee, ule mwaka wa matatizo, mji hauna umeme wala kitu, kuna kipande nilikufungia mu gazeti. Ulitupa?"

"Mi natupaga kitu?" Sylvère akasema. "Iko kwenye kabati na ramani zangu."

Ijumaa asubuhi akakileta, gazeti limekuwa la njano, tarehe ya Tajudini bado inasomeka. Ndani kulikuwa na furushete, kile chuma chenye umbo la uma kinachovutwa na kebo ili klachi iachie. Kilikuwa na ufa. Tajudini akakilaza juu ya kaunta yangu. Kando yake akaweka furushete nyingine, ile aliyoitoa kwenye gari jana yake usiku. Sikuhitaji kuelezwa. Miaka ishirini na sita nauza vyuma, jicho langu linapima. Ile ya gazeti mkono wake ulikuwa mrefu. Hii nyingine ilikuwa fupi kwa vidole viwili vizima, na mkono ukiwa mfupi, mguu ndio unaolipa.

Na ile fupi ilikuwa imepigwa tupa kwa namna ninayoijua. Ni tupa ya huyu huyu jirani yangu.

Sylvère na Fabrice walikuwa nje wanaongea na Houda. Nikamsogelea Tajudini nikamnong'oneza. Nasema ukweli wangu, mimi ninayejisifu kuchukia uongo: "Taju, nyamaza. Chomelea hii ya zamani, rudisha, pedali itakuwa laini, watakuona we ni mulozi. Nani atajua?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni. Akazichukua furushete zote mbili akatoka nazo nje.

"Muzee Sylvère," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani, "apana muguu wako. Ni mukono wangu."

Akaeleza yote, amesimama wima, mbele ya mtoto wa mteja, mbele ya Houda, mbele ya mafundi wawili ambao wangeyabeba maneno hayo mpaka Buyenzi kabla ya saa sita. Mwaka ule furushete ilipasuka. Umeme ulikuwa umekatika siku tano, vijiti vya kuchomelea havipo mjini, na mzee alihitaji gari. Basi akachukua furushete ya gari nyingine iliyokufa, akaipunguza kwa tupa ikakaa, akatoboa matundu mapya ya kushikia kebo. "Nikakuambia ni provizwari. Nikakuambia umeme ikirudi, rudi. Umeme ikarudi, we hukurudi, na mi sikukuita. Mi nilisahau. Ulikuwa bado na nguvu, ukabeba kosa yangu na muguu yako bila kujua. Siku ulianguka bafuni, muguu ikachoka kidogo tu, kosa yangu ikakushinda."

Provizwari! Mji wetu huu ndio umejaa hayo. Paa la duka langu ni la provizwari tangu mwaka elfu mbili na tisa. Kila mtu hapa anakuwekea kitu cha muda, na wewe unazoea, na yeye anazoea, mpaka wote mnasahau kwamba kulikuwa na kitu halisi mahali pale.

Nilitegemea Sylvère afurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alipiga mkongojo chini.

"Miaka mbili," akasema. "Miaka mbili, Tajudini! Mana yanje, Mungu wangu! Nimelala na huu muguu kama nalala na maiti. Nimemwambia muke wangu nguo ya kunivalisha siku ya kunizika. We unajua? Nimemwambia na nguo!"

"Kasirika, muzee," Tajudini akasema. "Uko na haki."

"Usinipe ruhusa!" Mzee akapiga kelele, akapita katikati yetu akaingia dukani kwangu, akakaa juu ya tairi. Nikampelekea maji. Akayashika bila kunywa. "Na wewe," akaniambia, "ulisema ni miaka."

Mimi mtu wa majibu. Siku hiyo nilimwambia tu nisamehe, mzee, basi.

Fabrice akampeleka nyumbani. Tajudini akaenda kuswali Ijumaa, akarudi akaanza kazi, na sikumwona akinywa hata chai. Aliupanua ule ufa kwa tupa mpaka ukawa mfereji, akachomelea tabaka juu ya tabaka, kisha akaifukia furushete kwenye ndoo ya majivu ya moto ipoe polepole isije ikapasuka tena. Akaipiga nyundo akiisikiliza. Hakuridhika, akaikata akachomelea upya. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa ameirudisha ndani, kebo kwenye matundu yake ya asili, na akamwita Houda na mizani yake.

"Kumi na tano," Houda akasoma. "Fundi, kumi na tano!"

Tajudini akasema Alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaenda kunawa.

Sylvère alifika na Fabrice saa tatu na nusu. Hakumsalimia Tajudini. Kwa watu wetu, kupita mtu mzima bila salamu si jambo dogo, na Tajudini aliinamisha kichwa akalipokea. Mzee akafungua mlango, akaingia, akaufunga. Akakanyaga pedali. Niliona mabega yake yakishtuka, maana alikuwa amejiandaa kusukuma mlima na mlima haukuwepo. Akakanyaga mara ya pili. Akaachia. Akatazama goti lake la kushoto, muda mrefu, kama anamtazama mtu aliyemsingizia.

"Papa," Fabrice akasema, "huyu mununuzi yuko njiani. Tusiichafue."

Gari ikawaka, ikatoka getini, ikakunja kushoto, tukaisikia inabadilisha gia mpaka sauti ikapotea.

Mnunuzi akaja saa nne kamili, mtu wa heshima na suti yake. Fabrice akamkalisha kwenye benchi langu akampa fanta. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Fabrice anapiga simu ya baba, haipokelewi. Tajudini alisimama getini, bado peku, hakurudi ndani hata nilipomwita. Nilijua anachokiogopa. Kuna milima kule, na mguu ule ulikuwa umekaa miaka miwili bila kazi, na ile furushete ilikuwa ya kuchomelewa kwa mkono wake, na mkono wake alikuwa hauamini tena.

Simu ikalia, lakini ni ya Tajudini. Akaiweka sauti kubwa, akainyanyua sote tusikie.

"Niko Gihosha juu!" Sylvère alikuwa anapiga kelele, upepo mwingi. "Nimesimama katikati ya mupando wa mulima, makusudi! Nikaondoka! Nikashuka, nikarudi, nikasimama tena! Mara sita! Haikuzimika hata mara moja! Christa iko hapa, ananiambia mi ni mujinga! Uko unasikia?"

"Nasikia, muzee."

"Mwambie huyo mutu wa Fabrice amalize fanta yake aende. Na wewe, Tajudini, nimekukasirikia. Nitakukasirikia leo, na dimanche mpaka baada ya misa. Lundi nakuja kunywa chai kwako. Na muguu, Tajudini..." Hapo tukasikia honi, ndefu. "Muguu iko muzima."

Fabrice aliona haya, mnunuzi akacheka, wakaondoka. Tajudini akakaa kwenye benchi langu, mahali alipokuwa amekaa mwenye suti. Nikamletea chai bila kumwuliza kama anataka, na hilo halijawahi kutokea.

"Sasa niambie," nikasema. "Kama ungenyamaza vile nilikuambia, muzee angekukumbatia jana ile ile. Ungekuwa bingwa. Ulifungua mudomo ya nini?"

Alikunywa kwanza.

"Angenikumbatia," akasema. "Angesema, fundi amenionea huruma, amelainisha gari ya muzee wa muguu mbovu. Gari ingepona, Asiya. Yeye angeendelea kuchagua nguo."

Nikamwambia amalize chai yake haraka, kikombe ninakihitaji. Nikaingia ndani nyuma ya rafu za filta, nikasimama huko nikilia mpaka mteja akaniita.